Machungwa ya Amon hayakufika ziwani

Leo utafiti nusura ukwame kwa sababu watu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, ni waaminifu.

Amon, mwanafunzi kutoka Mbarara, alikuja kupiga video kwa droni ya kuazima. Mto unaoingia ziwani umejaa maji ya mvua, naye anataka kujua maji ya kasi yanajipinda na kuzunguka vipi. Anahitaji kitu kinachoelea ili akifuate kutoka juu. Nilikwenda kuandika habari yake.

Akamwaga machungwa mtoni.

Mama Furaha, Mkongo wa mtaa wa Juru kambini aliyekuwa akifua nguo mtoni chini kidogo, akayaokota yote na kumletea kwenye beseni.

“Papa, bintu yako ilianguka mu mayi.”

Amon akashukuru, akaeleza, akamwaga tena. Mama akaokota tena, sasa kwa hasira.

“Unatupa chakula, batu banaangalia?”

Akajaribu magunzi ya mahindi. Mama akayachukua pia. Kwake ni kuni hizo.

“Mama, wacha kitu moja tu iende. Betri inaisha, na droni inarudi Mbarara leo.”

Nikaingia majini hatua moja nipige picha ya mabishano yao. Matope yakanivua ndala moja, maji yakaichukua.

Mama Furaha akaitazama ikimpita. Hakunyoosha mkono.

“Iyo imeshazeeka. Iende tu.”

Ikaenda. Ikazungushwa kila mahali maji yanapozunguka, droni juu yake, mpaka ziwani.

Amon alifurahi sana. Kisha akautazama mguu wangu mwingine.

“Mwandishi, unaweza kuongeza hiyo?”

Nyinyi mngempa?