Fundi wa Baiskeli Asiyejua Kuiendesha

Ndugu zangu, nimekosa, tena kosa langu lingechekesha kama lisingemvunja mtu: nilijifunza kutengeneza baiskeli bila kujua kuiendesha! Nimekulia jikoni kwa mama hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nikimenya viazi na kusikiliza redio. Barabara sikuipenda, nayo haikuwahi kuniita.

Likizo moja tuliingia mafunzo ya ufundi hapa hapa Nakivale, vijana wengi, na posho tulipewa. Mwalimu alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye karakana Kakoba, kule Mbarara. Tulimwita Afande. Sheria yake, kwa Kiswahili chake cha jeshini, ilikuwa moja.

"Wewe nafunga, wewe naendesha kwanza. Hapana patia mutu kitu wewe mwenyewe naogopa!"

Ee Mungu wangu! Ningesemaje? Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka kila mtu. Basi baiskeli yangu ikiwa tayari, na Afande akiwa upande mwingine, nilimwomba Joselyne (jina nimelibadilisha), binti Mrundi niliyefanya naye kazi meza moja.

"Dada, nijaribie hii. Goti linaniuma."

"Goti lako linauma siku ya kazi tu. Siku ya wali linapona!"

Alijua. Lakini alipanda, na hakunitangaza.

Yeye ndiye aliyekuwa bora kati yetu. Afande alishamwahidi kazi Kakoba, na mama yake alishaanza kumwita "fundi wangu" mbele ya majirani.

Siku moja nilifunga breki ya mbele huku nikipiga domo. Mpira wa breki hukaa ndani ya kibati chenye mdomo upande mmoja, na mdomo huo lazima uangalie nyuma. Mimi niliuelekeza mbele. Breki ya nyuma ilikuwa bado haijafungwa.

Joselyne akaipanda kwa niaba yangu kama kawaida, akashuka kilima. Alipokamata breki, mpira ukachomoka, naye akarushwa chini. Niliusikia mkono wake ukivunjika, jamani!

Afande akainama, akakiona kibati. Kwa sheria yake, aliyeendesha ndiye aliyefunga.

"Joselyne, wewe nafunga hivi?"

Aliniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

"Mutu nafunga breki kinyume, Kakoba hapana," Afande akasema.

Nafasi yake nikapewa mimi. Na nikaichukua! Sikwenda hata kumsalimia.

Kakoba nilidumu kidogo. Afande alinituma nipeleke baiskeli ya mteja Makenke, kwenye kambi ya jeshi. Nikaanza kuisukuma nikitembea, maana hata kule goti ndilo lilikuwa kisingizio changu.

"Panda!" akaniita.

"Siwezi, Afande."

"Goti?"

"Sijui kuendesha. Sijawahi kujua."

Akanisogelea. "Ile siku, nani nafunga breki?"

"Ni mimi."

Nilingoja kofi. Heri angenipiga! Aliketi kwenye tairi, akafuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena. "Na mimi nafukuza mutoto ya watu," akasema.

Tulikwenda Nakivale pamoja kumwomba Joselyne msamaha. Nyumbani kwao tulikuta watu wengine wakipika. Familia ilikuwa imerudi Burundi.

Vijana wenzangu, kama hujui kitu, sema mapema, hata wakikucheka mpaka wajishike tumbo. Mimi nilikwepa kicheko cha asubuhi moja. Waliomwona Joselyne huko Burundi wanasema ule mkono uliunga vibaya, sasa anachota maji kwa mkono mmoja, na akiona baiskeli anageuza uso.