Tezi ya Papa na Kuku wa Mwalimu Mkuu

Jumanne ya wiki iliyopita, siku mbili baada ya Pasaka, tulimpoteza baba. Tulipokwenda kumchukua chumba cha maiti pale Musoma, shangazi zangu walijiziba pua kwa kanga. Mimi sikujiziba. Ile harufu ya fomalini, dawa ya kuzuia mwili usioze, inayochoma macho kama kitunguu, ndiyo ilikuwa harufu ya mashati ya baba miaka yote ya kazi yake. Nikaivuta, na yule samaki papa wa maabara akanirudia akilini.

Baba alikuwa mtunza maabara wa shule moja ya sekondari hapo mjini. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Ilikuwa miaka ya foleni, chumvi na sabuni vikigombaniwa, chaki ikikatwa vipande viwili. Mwalimu wa biolojia, ambaye baba alimsikiliza miaka mingi akifundisha, alikuwa ameacha kazi akaenda kufanya biashara, na hakuletwa mwingine. Ndani ya chupa kubwa alibaki papa mmoja mdogo, urefu wa mkono wangu, aliyeletwa kutoka Tanga zamani vitu vilipokuwa vinapatikana. Tumbo lake lilikwishapasuliwa ili viungo vionekane, na kidato cha nne kilimtegemea kwa mtihani wa vitendo. Baada ya hadubini moja kupotea, mwalimu mkuu alikuwa amemwambia baba wazi: kikiharibika kingine, arudi kijijini kwetu Mugeta akalime pamba.

Jumamosi moja, nikiwa na miaka tisa, baba alimlaza papa kwenye sinia la maji ili dawa ipungue kabla ya Jumatatu, wanafunzi waje kujisomea wenyewe. Akanionyesha kwa ncha ya penseli. Ini lilikuwa mapande mawili makubwa yaliyojaza tumbo zima.

"Huyu hana bondo la kujaza hewa kama sangara," alisema. "Mafuta ya ini ndiyo yanamsaidia asizame."

Tumbo la chakula lilipinda kama ndoana. Utumbo ulikuwa mfupi, ndani umejikunja kama parafujo. Kisha akaniachia kazi ya kubadilisha maji, akaenda kutafuta pini.

Sasa nieleweni. Kwetu ziwani mtoto wa kike anajua kutengeneza samaki kabla hajajua kusoma, na cha kwanza ni nyongo: uitoe nzima, isipasuke, la sivyo mboga yote chungu. Mwishoni mwa utumbo wa papa niliona kitu kama kidole cha mtoto mchanga, kimening'inia. Nikashangaa baba, mtu makini vile, amesahau nyongo. Nikakibana kwa kucha, nikakichomoa vizuri kabisa, nikakirusha dirishani. Kuku mmoja akakidaka akatimua mbio, wenzake nyuma yake.

Baba aliporudi nilimwambia kwa majivuno, "Nimekutolea nyongo, baba. Mama anaitoaga kwanza."

Aliinamia sinia, akainua ini kwa ncha ya penseli.

"Mama," aliniita hivyo siku zote, "nyongo yake imejificha kwenye ini. Ile ilikuwa tezi. Ndiyo inayomtolea chumvi ya bahari ikizidi mwilini."

Mimi niliyetoka kusimama foleni ya chumvi asubuhi ile, nilishindwa kumwelewa kiumbe mwenye chumvi ya kutupa.

Baba angeweza kunyamaza. Pale shuleni hakuna mwingine aliyeijua tezi ile. Lakini alinishika mkono, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, papa amepungua."

"Amepunguaje? Amekonda?"

"Tezi moja imeliwa na kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wako, Mwalimu."

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Mzee Magesa, nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Na mimi ndiye niliyemwacha mtoto peke yake."

"Jumatatu utawaeleza wanafunzi mwenyewe, nikiwepo. Halafu nitaamua."

 Nilidhani baba haogopi kitu. Ni juzi tu, matangani, mama aliponiambia kwamba Jumapili ile baba alituma ujumbe Mugeta, kaka yake atutengee chumba na kipande cha shamba. Aliogopa kuliko sisi sote, ila hakujua namna nyingine ya kusema jambo zaidi ya lilivyo.

Jumatatu alisimama mbele ya kidato cha nne, mimi kando yake, koti lake la kazi limepigwa pasi.

"Hapa palikuwa na tezi," alisema. "Binti yangu aliitoa, alidhani ni nyongo. Mama, waonyeshe ilipokuwa."

Nikaonyesha.

"Kumbe tumeletewa mpishi!" kijana mmoja akasema, darasa likaangua kicheko.

"Cheka, lakini andika," baba akamwambia.

Akaendelea: moyo, kongosho, wengu, figo, na kazi ya kila kimoja, bila karatasi mkononi. Walimuuliza maswali. Asilolijua alisema, "Hilo sijui," akasonga mbele. Mwalimu mkuu, ambaye somo lake lilikuwa historia, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Walipofika kwenye wengu alivuta stuli akakaa.

Kengele ilipolia, akanyanyuka.

"Jumatano kuna kidato cha tatu," alimwambia baba. "Nao uwaeleze."

"Sawa, Mwalimu."

Wanafunzi wakatoka. Baba akafungua chupa, akaniangalia.

"Sogea, mama. Shika kichwa, mimi nashika mkia."

Nikashika kichwa, tukamrudisha papa chupani.