Gari Halipuliziwi Kama Ng'ombe

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka vizuri, maana nusura inirudishe kwetu Enguserosambu kuchunga ng'ombe. Leo magari ya watalii yanapanga foleni kwenye gereji yangu hapa Karatu, na wa kunishinda kupuliza rangi bado sijamwona. Shule niliishia darasa la nne. Wakati ule nilikuwa na wiki tatu tu kwa Mzee Baha, fundi wa rangi wa hapa Ganako, akanikabidhi madigadi mbili, yale mabati ya juu ya magurudumu, za gari la kubeba watalii kesho yake.

"Ukiziharibu, utafute kazi nyingine," akasema.

Nikacheka moyoni. Mimi niliyepulizia dawa ya kupe ng'ombe wa boma zima, nishindwe na bati? Nikasimama mahali pamoja kama niko zizini, nikazungusha kiganja tu, nikamwaga rangi mpaka bati likalowa. Kwenye mbinuko rangi ikachuruzika. Pembeni, ambako bunduki ya kupulizia rangi ilikuwa mbali, ikabaki unga unga.

Mzee Baha, aliyejua nilikotoka, akaja, akainama kutazama. "Kupe wa gari hili wamekufa?"

"Bunduki hii mbovu, Mzee."

"Jana niliitumia mimi. Ng'ombe unamlowesha mpaka dawa idondoke tumboni. Bati linataka rangi nyepesi kama umande. Haya, laigwanani, kiongozi wa kupe, weka chini hiyo."

Nikaiweka chini, na kwa mtu wa sifa kama mimi hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Akanishika kiwiko, akaupitisha mkono wangu juu ya madigadi bila rangi, tena na tena, mpaka magoti yakajua kushuka pamoja na mbinuko wake. Kisha, rangi ile mbovu ilipokauka, nikaipiga msasa, nikaanza upya: rangi nyembamba, nasubiri, nyembamba tena.

Mzee Baha akalizunguka gari mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona.

"Kesho uwahi," akasema.

Basi sikia, mwanangu. Penye mbinuko usisimame kama mti. Mwili wote ufuate umbo, bunduki ilitazame bati uso kwa uso, umbali wa shibiri moja toka mwanzo hadi mwisho. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, na ukivuka ukingo uachie kidole. Usiwe na haraka ya kulowesha. Na ukikosea usisingizie chombo. Nilijaribu mimi, mwenye maneno mengi kuliko wewe, na sikufika popote.

Mungu akutulize mkono, akupe mwalimu asiyeona haya kukukosoa, na kazi yako ikutangulie kila uendako.