Printa ya Kaka, Macho ya Wifi

Mwaka ule kila kichwa kilichoinama mbele ya kaka yangu kiliulizwa swali moja: "Wewe ungenunua printa gani ya nyumbani?"

Kaka alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la kungojea ambalo watu walilikalia hata siku ambazo hawanyoi. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia, kwa hiyo walijibu. Mmoja alisema nunua ya rangi, rangi ndiyo maisha. Mwingine alisema printa ni kama mke wa pili, tabia zake huzijui mpaka umlete nyumbani.

"Huyo wa kwanza ananitosha," Kaka akamjibu, "tena ndiye anayenifanya nitafute printa. Inamisha kichwa."

Tumemzika kaka yangu miezi michache iliyopita. Bado ziko asubuhi miguu inanipeleka mpaka mlangoni pa saluni ndipo akili inakumbuka. Watu wakimsifu husema alikuwa mpole na mcha Mungu, nami naitika, maana ni kweli. Lakini ukitaka nikuonyeshe kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani, nitakusimulia alivyonunua printa.

Jioni akishafunga saluni alifundisha kwaya ya kanisa letu. Huko aliitwa Mwalimu, hata na watu waliomzidi umri. Nyimbo alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa mkono, kwa nota zile za herufi, do re mi, mistari ya sauti nne ikiwa imebanana. Halafu alizipeleka kutoa kopi. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, na kopi ya kopi ilizidi kufifia, lakini waimbaji walishazoea.

Asiyeweza kuzoea tena alikuwa mke wake, wifi yangu. Wifi aliimba alto tangu usichana. Walikutana humo humo kwayani, na Kaka alipenda kusema kwamba alimchumbia ili asihamie kwaya nyingine. Ila macho ya Wifi yalianza kufifia. Daktari alimpa miwani na matone, akasema yatasaidia kiasi. Wifi hakumwambia mtu yeyote kanisani. Alizikariri nyimbo, akashika karatasi mbele yake kama wenzake, akaimba. Wimbo mpya ulipokuja alikuwa akisubiri wa pembeni yake aanze, na mtu mwenye sikio kama la Kaka hakosi kusikia alto iliyochelewa.

Siku moja alisema wakati tunachambua mboga, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nadhani niwaachie wasichana. Nimeimba vya kutosha."

Baadaye Kaka alinifuata uani nilikokuwa naanua nguo.

"Umemsikia wifi yako?"

"Nimemsikia."

"Akiacha kuimba huyu, atakaa kwenye kiti akisikiliza redio mpaka azeeke. Mimi namjua. Nataka nimwandikie kwa herufi kubwa."

"Si umwandikie tu?"

"Ya kwake peke yake? Watu wote wakishika karatasi ndogo na yeye kashika bango? Heri aache. Kila mtu atapata kubwa. Nitasema ni utaratibu mpya."

Mwanzoni alijaribu dukani kwa mtoa kopi. Alichapa wimbo kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya zamani aliyoachiwa na mwanawe, akaukuza, akaupeleka. Mtoa kopi akainua karatasi mbele ya foleni nzima na kuuliza, "Mwalimu, hii kwaya ya vipofu?" Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, maana hakuwa mtu wa ugomvi, lakini akazichukua karatasi zake na hakurudi pale. Ndipo alipoanza kuwauliza wateja wake habari za printa.

Mwenye jibu tayari alikuwa fundi simu wa mlango wa pili. Alikuwa na printa ya rangi, imetumika kidogo, akaitoa kwa bei ya kutupa.

"Inatoa picha kama studio," alisema.

"Mimi nataka nyeusi tu."

"Nyeusi nayo ni rangi, Mwalimu."

Kaka akaibeba chini ya kwapa. Siku ya kwanza ilitoa picha ya wajukuu, mashavu yanang'aa, Wifi akaibandika kwenye kabati la vyombo. Ikatoa na wimbo mmoja vizuri kabisa. Kisha kwaya ikapumzika kwa majuma kadhaa, na printa nayo ikapumzika juu ya meza, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama bibi harusi.

Kwaya iliporudi, Kaka akatoa wimbo mpya. Printa ilinguruma, ikavuta pumzi, ikasafishwa mara mbili na mara ya tatu, hatimaye ikatoa karatasi. Herufi zilikuwa kubwa. Zilikuwa na michirizi myeupe hapa na pale, ila alikuwa amechelewa, akazikusanya tukaenda mazoezini, maana nami nilikuwa mwimbaji.

Sasa, katika nota zile kuna kialama kidogo kama koma, kinakaa chini ya herufi. Kazi yake ni kumwambia mwimbaji ashuke chini. Kisipokuwepo, herufi ile ile inaimbwa juu. Michirizi ya printa ilikuwa imevimeza vile vialama karibu vyote vya mstari wa besi.

Kiongozi wa besi alikuwa fundi mwashi, mtu mwenye kifua kama pipa, na mtiifu. Karatasi ilisema panda, akapanda. Wenzake wakamfuata. Walifika walipo watu wa sauti ya teno, wakawapita, mishipa ya shingo imewatoka, na fundi mwashi macho yamemtoka kama aliyekabwa.

Kaka alishusha mikono. "Mzee, unakwenda wapi?"

"Nafuata karatasi, Mwalimu," akajibu huku anahema. "Nimepanda mpaka jukwaa limeisha. Ngazi ya kushukia sijaiona."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na Wifi, nikaona hacheki. Alikuwa ameisogeza karatasi karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Kisha akaikunja katikati, akaiweka kwenye benchi, akachukua mkoba wake.

Nyumbani alisema, "Baba, imetosha. Hata hizo kubwa sasa naziona nusunusu. Herufi zina mapengo."

"Ni mashine, Mama. Mapengo yako kwenye karatasi."

"Unanifariji."

"Muulize wifi yako."

Nikamwambia ni kweli, mapengo hata mimi nimeyaona. Akanitazama kwa huruma. "Na wewe amekufundisha cha kusema." Akaenda kulala mapema.

Sikuwahi kumwona Kaka akiwa na haraka kama Jumatatu iliyofuata. Wifi alikwisha kumwambia kiongozi wa alto kwamba Jumapili atakuja kuaga. Kaka alifunga saluni mchana, kitu ambacho hakufanya hata akiwa na homa, akachomoa kutoka kwenye kompyuta wimbo wake wenye vialama vingi kuliko nyimbo zote, akauweka kwenye flashi, kile kijiti cha kuhifadhia kazi za kompyuta, na tukaenda pamoja kwenye duka la vifaa vya ofisi.

Muuzaji alikuwa binti mchangamfu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akatupeleka kwanza kwenye printa kubwa yenye kioo chake.

"Hii inachapa, inatoa kopi, inaskani, inatuma."

"Inapika pia?" Kaka akauliza.

"Hiyo bado, baba. Mwakani."

"Basi tuanze na inayochapa tu."

Binti akaweka mikono kiunoni, akauliza maswali ya maana. Anachapa nini? Nyimbo. Rangi? Hapana, nyeusi tu. Kila siku? Hapana, mara moja moja, pengine mwezi unapita. Kaka akamsimulia habari za bibi harusi wetu chini ya kitambaa.

"Hilo ndilo tatizo lako," binti akasema. "Ile inatumia wino wa maji. Wino wa maji hautaki kukaa. Ukiuacha unakaukia kwenye vitundu vyake. Kila ukiisafisha, wino unaisha kwa kusafishia. Mtu wa mara moja moja achukue ya wino wa unga. Unga haukauki. Hata ukiiacha miezi, ukiiamsha inaamka."

"Na unga huo ukiisha? Usije ukaniuzia ng'ombe kwa bei ya mbuzi, majani yakanifilisi."

Binti akacheka, akatoa boksi la wino kabla hajatoa printa yenyewe, akamwonyesha bei, akamweleza kwamba unachapa kurasa nyingi sana, na kwamba kuna mafundi wanaoujaza upya. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba ule unaokuja ndani ya printa mpya huwa haujajazwa mpaka juu, asije kushangaa ukaisha mapema. Kaka akanigeukia. "Huyu anamwogopa Mungu," akasema, na kuanzia hapo alimwita mwanangu.

Zilikuwepo mbili za aina hiyo. Moja inachapa yenyewe pande mbili za karatasi, haina haja ya waya. Nyingine ndogo, nyeupe, nzito kuliko inavyoonekana, inachapa upande mmoja tu na lazima uiunganishe kwa waya. Ya pili ilikuwa ya bei rahisi zaidi.

"Hii ndogo itanionyesha vialama?"

"Vialama gani?"

Kaka akampa kile kijiti. Binti akachapa ukurasa mmoja kwa kila printa. Ile ndogo ilichelewa kidogo kuamka, ikapasha moto, kisha ikatoa karatasi ya vuguvugu. Kaka akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akapitisha ukucha wa kidole kidogo chini ya mstari wa besi, herufi kwa herufi, vile vile alivyokuwa akikagua ukingo wa nywele kwenye paji la uso la mteja. Alikuwa ananong'ona sauti ya besi huku anakagua. Mteja mmoja akasimama kumtazama.

"Vyote vipo," akasema hatimaye. "Funga hii, mwanangu."

"Ile ya pande mbili hutaki kuiona?"

"Waimbaji wangu wakigeuza karatasi wanaiangusha. Upande mmoja unatutosha."

Nyumbani hakufanya sherehe. Aliiweka mezani, akaichomeka, akachapa ule wimbo mpya, na akaiweka karatasi mbele ya Wifi pamoja na ile ya michirizi. Akaenda kujisingizia kazi dirishani, anakung'uta pazia lisilo na vumbi.

Wifi akavaa miwani. Akachukua ya zamani, akaiweka chini. Akachukua mpya. Alikaa nayo muda mrefu mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha nikamsikia anaimba alto, polepole, kwa sauti ya chini, mstari wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu akasita.

"Baba."

"Naam."

"Hapa umekosea. Alto haiwezi kwenda *fa* hapa, itagongana na teno. Ulitaka *mi*."

Kaka akaja mbio, akainama juu ya bega lake. Alikuwa amekosea kweli. Vidole vyake viwili vilikuwa vimegonga herufi nyingine. Maishani sijawahi kumwona mtu anayefurahia kukosolewa namna ile. Alimwambia arudie kumwonyesha, akarudia. Akauliza ni mstari wa ngapi, akaambiwa. Akaniita mimi nije nione kosa. Wifi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo kweli ilikuwa mashine," akasema.

"Nilikwambia."

"Huwa unaniambia mengi."

Jumapili hakuaga. Kiongozi wa alto alipomuuliza, alisema alikuwa anamtania tu. Wanakwaya wote walipokea karatasi zao za herufi kubwa, na fundi mwashi akatamka mbele ya watu kwamba kwa miaka yote ile, ubeti wa pili wa wimbo fulani alikuwa akiuimba kwa kukisia. Wengine wawili wakainua mikono kwamba hata wao.

Wifi aliimba miaka miwili zaidi Kaka akiwa mbele yake anainua mikono. Kisha Kaka akaugua, na Mungu hakumchelewesha kitandani. Kwa hilo tunamshukuru, ingawa kuna siku kushukuru kwenyewe kunanishinda. Siku ya ibada ya mazishi tuliwekewa viti vya mbele, sisi wafiwa. Kwaya iliposimama, Wifi alinigusa mkono na kuniambia nimpe karatasi yake. Akaenda kusimama kwenye mstari wa alto, akaimba mpaka ubeti wa mwisho. Mimi kwenye kiti changu sikuweza hata kuitikia.

Siku hizi kuchapa ni kazi yangu. Juzi nilimpelekea Wifi wimbo wa Jumapili inayokuja. Akauangalia, akaurudisha.

"Kuza zaidi."

"Za wote, wifi? Karatasi zitakuwa nyingi."

"Ya kwangu tu. Za wengine ziache hivyo hivyo."

Nikakumbuka mtoa kopi na foleni yake. Nikamuuliza kama hajali watu watasema nini wakimwona na bango.

"Watasema yule bibi haoni vizuri," akanijibu. "Si ndiyo hali halisi? Kuza, wifi yangu, mazoezi ni saa kumi na moja."