Magongo Mepesi ya Baba

Baba amelima miwa maisha yake yote huku Navakholo, na mkulima wa miwa hulipwa kwa tani. Kwake uzito ni baraka. Nilipopata kazi kwenye karakana ya ndege Nairobi, nikamweleza kwamba sehemu nyingi zilizokuwa za alumini sasa tunaziunda kwa vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyoshikanishwa kwa gundi, ili ndege iwe nyepesi, alinitazama kwa huruma.

"Mama," akasema, maana nina jina la mama yake, "sisi wanatulipanga kwa uzito. Wewe wanakulipa kuutoa?"

Baadaye kisukari kikamla mguu, na kabla hajazoea, mama yangu akatutoka. Tulimzika upande wa chini wa shamba, karibu na miwa. Baba alikuwa na haja moja tu: kwenda kuongea naye jioni, kama walivyozoea jikoni. Lakini magongo yake ya mbao yalikuwa mazito mno. Akifika kaburini pumzi imemwisha, anahema tu, mpaka tunamrudisha nyumbani hajasema neno. Hilo liliniuma kuliko mguu wenyewe.

Nikamtengenezea magongo kwa mabaki ya kile kitambaa cha kaboni niliyoruhusiwa kuchukua kazini, nikaja nayo likizo. Kabla ya kumpa, niliyagonga kwa sarafu toka juu hadi chini, kama tunavyofanya kazini.

"Unabisha hodi kwa nani?"

"Nasikiliza kama tabaka zimeachana ndani, Baba."

Alinyanyua gongo moja kwa vidole viwili, uso ukamwanguka. "Hii haina kitu. Itanivunjikia njiani."

Nilikasirika, sifichi. Nililaza gongo juu ya viti viwili, nikapanda juu yake na unene wangu wote. Halikulia hata kidogo. Baba alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe huo mwili uko na kazi!"

Jioni ile nilimfuata kwa nyuma bila kumshika. Aliteremka polepole hadi kaburini, akasimama. Nikangoja kule kuhema kwake. Hakuhema.

"Mama watoto," akasema kwa sauti yake ya zamani, "nimefika. Wacha nikupe habari ya nyumbani."

Akaanza na ng'ombe. Nikarudi jikoni machozi yakinitoka, nikawaacha waongee.