Blada haifungi bia

Leo nimewaogesha wakwe wa dadangu bia. Sitanii.

Ilikuwa ruracio yake, siku ya kuletewa mahari, kwetu Mugutha. Bia nilipika mwenyewe, nikaiweka kwa kegi ya gesi.

Paipu niliifunga na blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia kreti kwa bodaboda. Si blada hufunga kila kitu?

Haifungi bia yenye presha, watu wangu.

Kufungua kegi tu, paipu ikaruka. Mjomba wa bwana harusi akalowa kutoka kofia hadi viatu.

Baba hata hakuwa anataka huyu kijana aoe dadangu. Nikajua ndoa imekufa, na mimi ndiye muuaji.

Mjomba akajipangusa uso, akalamba kidole.

"Kwetu watu hunyunyiziwa pombe mwishoni, wakibarikiwa. Nyinyi mmeanza na baraka. Tutakataa aje?"

Boma lote likacheka! Shemeji akatoa klipu ya chuma kwa gari, akapiga magoti na suti yake, akaikaza paipu na bisibisi.

Mwenye amewahi kuaibisha familia hivi aseme hapo chini. Mimi nashukuru tu.

Kwa sababu Baba mwenyewe alivua koti lake, akamvisha yule mjomba.

Ameenda nalo.