Fremu Inapoanguka

Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Kule Nsambya, kwenye nyumba za polisi tulikokulia, baba alikuwa akianza kuniambia haraka haraka haina baraka, mimi nimeshafika barabarani. Mtu wa namna hii kupewa kazi ya kupima nyasi ni mzaha.

Pembeni mwa jiji kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyofungwa. Kampuni iliyoyachimba ilikuwa imeyafukia kwa udongo na kupanda nyasi, na ofisi yetu ya Bugolobi ikanituma kupima ni kiasi gani cha mteremko kimefunikwa na mimea. Unageuka, unarusha fremu ya chuma juu ya bega bila kutazama, na popote inapoanguka unapiga magoti kukadiria kijani kilichomo. Mwishoni unatafuta wastani. Wastani ukifika kiwango, kampuni inaondoka zake. Usipofika, inabaki msimu mwingine wa mvua, ipande tena na kuzibua mitaro.

Chini ya mteremko palikuwa na nyumba moja. Mwenyewe, mama wa Kinubi wa rika la mama yangu, alipanda mteremko asubuhi akakaa kunitazama. Macho yake yalinikera. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa, nami nilitaka kumaliza niondoke. Fremu ikaangukia udongo mtupu. Nikaiokota nikairusha tena.

"Mutoto yangu," akasema, "mbona hii umetupa mara mbili?"

Nikamjibu kwamba iliniteleza. Uongo mtupu.

"Hapo ndiyo maji inapita kuja kwa nyumba yangu. Andika."

Hasira ilinipanda, kisha aibu. Sikukumbuka nilikuwa nimefanya hivyo mara ngapi tangu asubuhi. Udongo mtupu huniudhi, na mkono wangu hurusha kabla sijafikiri. Nikachana fomu mbele yake, nikachukua nyingine, nikamwomba arushe yeye.

Alirusha akiwa amefumba macho kwelikweli. Kijani. Tena kijani. Mara moja udongo, halafu nyasi za kufika magotini. Nilikuwa nikijumlisha kichwani, na kila namba iliyoongezeka iliisogeza kampuni karibu na kuondoka. Nilitaka ashinde, kampuni ibaki imzibulie mitaro. Fremu ilipotua tena kwenye nyasi nzito, nikamnong'oneza, "Mama, rusha tena tu. Hakuna anayetuona."

Alinitazama kama nimemwomba ale mchana wa Ramadhani.

"Hapana. Andika."

Nikaandika. Tulipomaliza, mteremko ulikuwa umefaulu. Ule mkondo mtupu ulio juu ya nyumba yake ulikuwa umemezwa kwenye wastani na nyasi za kwingine kote. Niliueleza ukingoni mwa fomu kwa herufi kubwa, nikijua kwamba ofisini wanasoma namba ya mwisho tu.

"Imepita?" akaniuliza.

"Imepita, Mama."

Nilitamani anilaumu, hata anitukane. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akanipa fremu yangu, akashuka. Matone ya kwanza yalipoanguka alikuwa tayari nyuma ya nyumba yake, ameinama na jembe, anachimba mtaro.